Shafti Isiyo na Kava

Kila Julai, mahindi yakishakauka, matrekta yenye mashine za kupukuchulia huanza kuzunguka vijiji vya Hanang na Mbulu, mkoani Manyara. Mashine husogezwa hadi kwenye rundo la mahindi, ikafungwa kwenye shafti inayotoka nyuma ya trekta, na kazi ikaanza hapo hapo, maana kuna kaya nyingine zinasubiri zamu. Vijana wawili wanalisha mahindi kwa mikono, wa tatu anakinga punje kwa gunia, na mama mwenye mahindi amesimama kando, kitenge kiunoni, anahesabu magunia yake. Shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ilipotoka kiwandani ilikuwa imevikwa kava. Kwenye mashine nyingi kava hilo halipo tena. Lilipasuka msimu mmojawapo, au fundi alilivua ili apake grisi na hakulirudisha.

Siku pindo la kitenge likinaswa tutasema mama hakuwa mwangalifu. Kijana akipoteza vidole tutasema alizembea, na watakaokwenda kumjulia hali watamfariji kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo mawili hayapatani. Kama ajali haina kinga, huyu kijana alizembea nini? Lakini tunayasema yote mawili kwa pumzi moja, na baada ya hapo hakuna anayerudi kuitazama shafti.

Mashine kubwa ziliingia huku miaka zaidi ya 50 iliyopita, Hanang ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Arusha. Shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano kuzunguka Basotu: Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret. Karibu eka laki moja zilichukuliwa, nyingi zikiwa malisho ya Wabarabaig. Kilio cha ardhi hiyo kimeandikwa sana, na kilifika mahakamani kwa kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba mashamba hayo yalikuwa pia kiwanda kisicho na paa. Kilimo cha nyanda za Kanada kilihamishwa kama kilivyo, pamoja na matrekta mazito, majembe ya kukokotwa na kombaini, kikaletwa kwa watu ambao nguo yao ni shuka na lubega, nguo inayopepea.

Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikakauka nchi nzima, na vipuri vikaadimika. Hapo ndipo naona mwanzo wa jambo hili, na ni hesabu ambayo fundi yeyote anaielewa. Trekta isiyo na mkanda wa feni haifanyi kazi. Isiyo na kava la shafti inafanya. Mwenye fedha ya kipuri kimoja atanunua mkanda, na mwakani vilevile, na mwaka unaofuata. Baada ya miaka kumi kijana anayejifunza udereva hajui kwamba kuna kitu kilikuwa pale. Kwake shafti ndivyo ilivyo. Ukimwambia amezembea kwa kukaa karibu nayo, unamlaumu kwa kosa lililofanyika kabla hajazaliwa.

Sheria nayo ilikuwa ikitazama pengine. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa chini ya Waingereza, ilitaka mashine zizungushiwe kinga na ikawapa wakaguzi mamlaka, ila macho yake yalikuwa kwenye kiwanda. Shamba la ngano Basotu halikuwa picha aliyokuwa nayo mtunga sheria kichwani. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, uliundwa mwaka 2001, na mwaka 2003 ikapitishwa sheria mpya iliyofuta ile ya 1950. Neno lililobadilika ni dogo lakini zito: kutoka kiwanda hadi mahali pa kazi. Fidia ilichelewa zaidi. Sheria ya fidia ya mwaka 1949 iliendelea kutumika hadi ikafika mahali kiwango cha juu kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu ni shilingi 108,000, na kwa familia ya aliyekufa shilingi 83,000. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Mkono wa mtu ulipokuwa na bei hiyo, kava lilionekana ghali.

Tabia ya kumaliza uchunguzi kwa kumtaja aliyeumia hatukuianzisha sisi. Mwaka 1931 Herbert William Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima ya Travelers huko Marekani, alichapisha kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani. Alipitia mafaili ya ajali 75,000, akahitimisha kwamba asilimia 88 zilisababishwa na vitendo vya hatari vya watu, asilimia 10 na mazingira ya hatari, na asilimia 2 hazikuzuilika. Heinrich mwenyewe alisisitiza mashine zikingwe, ila duniani iliyoshikwa ni ile 88. Wachache waliuliza mafaili yale yaliandikwa na nani. Mengi yalitokana na taarifa za wasimamizi wa viwanda, na msimamizi gani ataandika kwamba kosa ni mashine aliyoshindwa kuitengeneza?

Miaka 12 baadaye, katikati ya vita, marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa bado kwenye njia wanakunja magurudumu. Ndege inalalia tumbo. Ripoti ziliandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliingia ndani ya ndege akatazama: swichi ya magurudumu na ya vibawa vya kupunguzia mwendo zilikaa pamoja na zilifanana. Alibandika kigurudumu cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la bawa kwenye nyingine. Makosa yale yakakoma karibu kabisa, na marubani walikuwa wale wale.

Hapa Manyara hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mererani, wilaya ya Simanjiro, mvua za El Niño za mwaka 1998 ziliingia kwenye migodi ya tanzanite na kuua wachimbaji wengi, taarifa za wakati ule zikitaja idadi inayokaribia 100. Mwaka 2002 wengine zaidi ya 30 walikufa chini kwa kukosa hewa. Machi 2008 maji yakaingia tena, yakaua makumi ya watu. Wachimbaji wana neno la kwao, mtobozano, pale shimo la mmoja linapokutana chini kwa chini na shimo la jirani. Maji yakishaingia kwa mmoja hayaulizi mpaka. Mwanaapolo, yaani mchimbaji, aliyekuwa chini maji yalipoingia angekuwa makini namna gani? Mvua ilikuwa juu yake na mtaro wa kuizuia ulikuwa kazi ya mtu mwingine. Kifo cha 1998 naweza kukubali kiliwakuta watu hawajui. Cha 2008 kiliwakuta wanajua miaka kumi mizima.

Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu 89 Katesh na vijiji vya jirani, hatukumlaumu aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Tulitazama mlima, na wataalamu wa miamba wakaja kuupima. Natamani mkono uliokatika upate heshima hiyo hiyo, mtu aje aipime mashine.

Mafundi wa Katesh na Mbulu mjini wanaochomelea mageti na mikokoteni wanaweza kukunja bati la pipa likawa kava la shafti kwa nusu siku. Anayeweza kuwaagiza hafahamiki. Kijana anayelisha mahindi hana mkataba. Mwenye trekta anasema vibarua ni wa mwenye mahindi, mwenye mahindi anasema amekodi mashine na watu wake, na dereva anasema yeye ni kuendesha tu. Mfuko wa fidia unapokea taarifa kutoka kwa mwajiri, na huyu hana mwajiri. Akiumia, anapakiwa kwenye bodaboda kwenda Haydom, hospitali iliyopo tangu 1955, kabla ya ngano ya Basotu. Daftari la hospitali ndilo pekee litakaloandika jina lake.