Kipofu wa Twickenham na picha zetu bubu

Wengi wenu mnaoandika hadithi huniuliza swali moja: nifanye zoezi gani ndio maandishi yangu yaache kuwa makavu? Jibu langu mwaka huu ni hili: andika maelezo ya picha. Nasema yale maneno ambayo X na Instagram hukupa nafasi ya kuweka nyuma ya picha, ndio mtu asiyeona akipitisha kidole kwa simu, simu imsomee kilichopo. Wengi huiruka hiyo sehemu wakidhani ni kazi ya watu wa kompyuta. Zii. Hiyo ni shule ya uandishi, na ni ya zamani kuliko intaneti.

Twende 1927. Tarehe 15 Januari, BBC ilitangaza mechi ya raga moja kwa moja redioni kwa mara ya kwanza, Uingereza na Wales, uwanjani Twickenham, London. Mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam, mchezaji wa zamani. Pale BBC hakukuwa na mtu wa kumwiga. Sasa produsa wake, Lance Sieveking, akafanya kitu ambacho hunishangaza hadi leo: alitafuta kipofu kutoka St Dunstan's, shirika lililosaidia wanajeshi waliopoteza macho vitani, akamketisha karibu na kibanda cha mtangazaji. Kazi ya Wakelam ikawa kumweleza huyo mtu mechi.

Hebu ifikirie hiyo kitu. Kila msee aliyekuwa nyumbani na redio hakuona uwanja. Kwa hivyo yule kipofu hakuletwa pale kuonewa huruma, aliletwa kama kipimo. Akishika mchezo yeye, wote wameshika.

Wiki iliyofuata ikaja kandanda, Arsenal na Sheffield United, na jarida la Radio Times likachapisha ramani ya uwanja iliyokatwa miraba yenye nambari ili wasikilizaji wafuate mpira ulipo. Kwetu hatukuhitaji miraba. Waulize wazazi wako kuhusu marehemu Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira kwenye Sauti ya Kenya, watu wamezunguka redio moja. Huyo mzee hakuwa na kamera, alikuwa na Kiswahili tu.

Halafu Marekani. Mwaka 1981, ukumbi wa Arena Stage mjini Washington ulianza kuwapa wasioona maelezo ya mchezo wa kuigiza kupitia vifaa vya masikioni. Aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo ni Margaret Rockwell, yeye mwenyewe alikuwa haoni, pamoja na Cody Pfanstiehl, ambaye baadaye alikuja kuwa mume wake. Kazi hiyo ina kanuni moja ambayo ningependa kila mwandishi aibandike ukutani: sema unachokiona, usimwamulie msikilizaji. Usiseme mhusika ana hasira. Sema amekunja ngumi, amegeukia dirisha. Hasira atajitafutia msikilizaji.

Kwa intaneti mambo yalienda pole pole. Marc Andreessen alipendekeza alama ya kuweka picha kwenye kurasa mwaka 1993. Nafasi ya maelezo ilikuwa ndani ya HTML ya 1995, na mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na wote, wa 1999, uliiweka kama sharti la kwanza kabisa. Twitter ilitufikishia 2016, ikatupa herufi 420. Leo ni elfu moja.

Haya, zoezi lenyewe. Chukua picha ya soko. Mvivu ataandika "mama mboga akiuza sokoni". Mwingine ataandika "picha ya kugusa moyo ya mama mchapakazi", na huyo ndiye mbaya zaidi, maana ameongeza maneno bila kuonyesha chochote. Jaribu hivi: "Mama amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja nje ya kandambili. Anamimina mahindi kwa gorogoro, macho yako kwa mteja, si kwa mahindi." Umeona? Hayo macho yameshaanza hadithi. Na ilibidi uchague, kwa sababu mwavuli, mbwa na matatu ya nyuma vyote vilitaka kuingia. Mwandishi anayejua cha kuacha nje namheshimu kuliko mwenye msamiati wa kamusi nzima.

Lakini isiwe mazoezi ya misuli yako tu. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, habari nyingi zilizunguka kama mabango: tukutane wapi, saa ngapi, piga nambari gani ukishikwa. Maandishi yote yakiwa ndani ya picha bila maelezo, kijana asiyeona mara nyingi husikia simu ikisema "picha", basi. Yeye pia analipa ushuru. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kufikia habari, lakini hapa serikali si ya kulaumiwa, hayo mabango tulitengeneza sisi.

Na waandaaji wa usiku wa mashairi ndio wananichosha zaidi. Bango tamu, rangi kali, tarehe na kiingilio vimezikwa ndani ya picha, na wageni mnaowaalika ni wapenzi wa maneno! Mahali, saa, bei na majina ya malenga hayamalizi hata herufi mia tatu.