Chuma cha Mbali, Miguu ya Pugu

Mwaka 1954 watengenezaji wadogo wa magari wa Marekani walikuwa wakitapatapa. General Motors na Ford waligombania soko, na walio wadogo ikawalazimu kuungana: Nash na Hudson mwezi Mei, Studebaker na Packard mwezi Oktoba. Nakiri udhaifu wangu kwa Hudson Hornet, gari fupi la kimo, lenye silinda sita. Mwaka 1952 magari ya Hudson yalishinda mbio 27 kati ya 34 za NASCAR. Mimi nalijua kwa picha tu.

Mwaka huo wa 1954, wazee husimulia, mwalimu mmoja wa Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, alikuwa akishuka vilima kwa miguu, kiasi cha kilomita 20, kuhudhuria mikutano Dar es Salaam. Ndiye Julius Nyerere. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai. Machi 1955 akauacha ualimu.

Dunia hizi mbili zina uzi mwembamba unaoziunganisha. Nash ilipotaka gari dogo iliwaagizia Austin wa Uingereza, na Metropolitan ikatoka mwaka huohuo wa 1954 ikiwa na injini ya Austin A40. Nayo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhi A40 aliyoitumia Nyerere katika harakati.

Wapenzi wa magari ya kale huikagua bodi yake. Mimi huwaza safari zilizoitangulia. Barabara ya Pugu sasa yaitwa Barabara ya Nyerere. Magari husongamana humo asubuhi, na waendao kwa miguu husimama kandoni wakitafuta pa kuvukia.