Upimaji wa Mawingu na Maana ya Neno "Wingu"

Mtu asimamaye Kasingirima, katika Ujiji, akielekea magharibi, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika siku ambazo anga limetakata. Lakini kiangazi kikikolea, moshi wa misitu ichomwayo huificha. Je, anga la namna hiyo lina mawingu? Swali hili ndilo kiini cha historia ya kupima mawingu.

Mwaka 1802 Luke Howard wa London aliyapa mawingu majina ya Kilatini. Na mwaka 1896 ikatolewa atlasi ya mawingu ya kimataifa. Kiasi cha mawingu kilipimwa kwa jicho. Kwa kanuni ya kimataifa, anga hugawanywa mafungu manane, yaani thumni nane. Na anga lisipoonekana kwa ukungu au kitu kingine cha namna hiyo, huandikwa tarakimu 9. Jicho, basi, liliruhusiwa kukiri kwamba halioni.

Mwaka 1924 Robin Hill, Mwingereza, alieleza lenzi iwezayo kupiga picha ya anga zima kwa mara moja. Tangu miaka ya 1980 kamera za jinsi hiyo zimeunganishwa na kompyuta. Kompyuta hulinganisha nuru nyekundu na nuru ya buluu katika kila nukta ya picha: anga safi hutawanya zaidi buluu, bali wingu hutawanya zote karibu sawa. Uwiano ukipita kiwango kilichowekwa, nukta ile huhesabiwa kuwa wingu. Kamera haichoki, wala haibadili rai; lakini hukosea karibu na jua, na hutatizwa na wingu jembamba, vumbi na moshi.

Sasa, ni nani awekaye kiwango? Ni mtu, na kuweka kiwango ni kufasili neno. Kiswahili hutenga wingu na ukungu, moshi na vumbi, na mawingu yaliyotawanyika huyaita mavundevunde. Kamera haina msamiati huo ila ipewe.

Hapana budi, basi, kamera na jicho vifanye kazi pamoja, masika na kiangazi, kabla ya kimoja kushika nafasi ya kingine katika vituo kama cha Kigoma. Bila hivyo, warithi wetu watasoma katika madaftari kwamba anga lilibadilika, kumbe kilichobadilika ni maana ya neno.