Makapera wa China na Majina Yao

Wachina wa kale hawakuwa wachoyo wa maneno kwa wawili wapendanao. Kuna bata dume na jike waogeleao pamoja, kuna kioo kilichovunjika vipande viwili kikaungwa tena, na kuna mzee wa hadithi za enzi ya Tang akaaye chini ya mbalamwezi, afungaye miguu ya wachumba kwa uzi mwekundu kabla hawajajuana. Mshenga huitwa kwa jina la mzee huyo hadi leo. Jina la asiye na mwenzi lina nasaba chafu zaidi.

Ni guanggun, fimbo tupu isiyo na tawi wala jani. Katika karne ya 18, chini ya utawala wa Qing, sheria iliwaita hivyo wahuni na wanyang'anyi, na kiongozi wa genge la guanggun adhabu yake ilikuwa kukatwa kichwa. Waliotiliwa shaka zaidi walikuwa vijana fukara wasio na shamba wala mke. Nao mke wangempata wapi? Vichanga wengi wa kike waliuawa, matajiri waliongeza masuria, na maskini akabaki kapera hadi kaburini. Watawala wakamwogopa mtu ambaye jamii yenyewe ilikuwa imemnyima nyumba.

Vijijini neno likaendelea kumaanisha kapera tu, na bado lina watu wa kulibeba: baada ya miaka 35 hivi ya sera ya mtoto mmoja, sensa ya 2020 ilikuta wanaume wamewazidi wanawake kwa takriban milioni 35.

Vyuoni lilipata mzaha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1993 vijana wa bweni moja la Chuo Kikuu cha Nanjing waliitazama tarehe 11.11, wakaona fimbo tupu nne zimesimama, wakaifanya sikukuu yao. Sherehe ikapata na chakula chake: vijiti vinne vya unga wa ngano vilivyokaangwa kwa mafuta, na andazi moja la mvuke kuwa nukta ya katikati. Mwaka 2009 Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ikaichukua siku hiyo kwa punguzo la bei, ikianza na wauzaji 27 na mauzo ya yuani milioni 50 hivi. Mwaka 2021 msimu wa punguzo hilo uliingiza yuani bilioni 540. Wanunuzi wengi, bila shaka, walikuwa na wake na waume zao.

Wanaume, basi, walijicheka wenyewe. Wanawake hawakupewa nafasi hiyo. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu iliingiza shengnü katika orodha ya maneno mapya: binti aliyesoma, mwenye kazi, aliyepita miaka 27 hivi bila kuolewa. Sheng hiyo ndiyo ya chakula kilichobaki mezani. Kwetu tungesema makombo. Tovuti ya Shirikisho la Wanawake la China Nzima, chombo kilichopaswa kuwatetea, ilichapisha makala za kuwaonya wasichague sana. Mabinti wakajibu kwa kalamu: wakabadilisha herufi moja, matamshi yakabaki yale yale, na makombo wakageuka washindi. Kwangu mimi huo ni ujanja mkubwa kuliko ule wa bwenini, maana wao walikuwa wakijibu serikali.

Kizazi cha simu hakibagui; mwanamume na mwanamke wote ni "mbwa mseja". Wapenzi wakibusiana hadharani au wakianika picha zao mtandaoni, wanasemwa kwamba wanamwaga chakula cha mbwa, na mseja hulalamika kwamba ameshiba.

Siku hizi serikali ndiyo inayobembeleza watu waoane. Ndoa zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya milioni 13 mwaka 2013. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1. Tangu Mei 2025 wachumba hawalazimiki tena kurudi kwao walikoandikishwa ukaazi. Wanaweza kusajili ndoa katika ofisi yoyote nchini, wakiwa na vitambulisho vyao na tamko lenye sahihi kwamba hawana mwenzi wala undugu wa karibu wa damu.