Nadharia ya njama: kwa nini watu huiamini

Nadharia ya njama ni maelezo yanayodai kwamba jambo fulani limepangwa kwa siri na wachache wenye nguvu ili wengine waumie. Ni kosa kuiita maradhi ya wasiosoma. Mwanza, jiji la Tanzania kando ya Ziwa Victoria, linaonyesha kwamba mara nyingi huanza na macho yanayoona sawasawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyekaa Pasiansi, kwenye barabara iendayo uwanja wa ndege, aliweza kuziona ndege kubwa za mizigo zikija kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, huku mitaani yakikaangwa mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani. Swali lilijileta lenyewe: zinakuja na nini? Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare (2004), ilidokeza kuwa ni silaha, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani.

Jibu la kibiashara ni kavu: minofu huharibika upesi, Ulaya hulipa vizuri, na mji usioagiza mizigo mingi kwa ndege hupokea ndege tupu. Jibu hilo halishibishi. Aliyeachiwa panki anamtaka mkosaji mwenye sura, na bei ya soko haina sura. Mwaka 2008 watafiti Jennifer Whitson na Adam Galinsky walionyesha kwamba watu waliofanywa wajione hawana udhibiti huona maumbo hata katika picha za chengachenga tupu. Mwanasaikolojia Karen Douglas na wenzake wanataja haja tatu zinazowavuta watu kwenye nadharia hizi: kuelewa, kujihisi salama, na kulinda heshima ya kundi lako. Nadharia ya ndege za silaha iligusa zote tatu kwa mpigo, na ndiyo maana kukanusha peke yake hakukutosha.

Itasemwa kwamba njama zipo kweli. Zipo. Viktor Bout, aliyetajwa na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa kwa kupeleka silaha Afrika kwa ndege, alitiwa hatiani New York mwaka 2011. Kushuku, basi, si wazimu. Tatizo huanza pale dai linapokataa kushindwa, kila ushahidi unaokosekana ukihesabiwa kuwa umefichwa. Tena, kuwepo kwa njama hakuthibitishi kuwa ndiyo chanzo cha kila kilicho karibu nayo. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, miongoni mwa abiria alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, na wenzake walikuja ziwani kuhakikisha kama amekufa. Siri ilikuwamo melini, wala si ya kubuni. Lakini meli ilizama kwa sababu ilijazwa kupita uwezo na haikuwa imara majini. Kamanda alikufa maji pamoja na mamia ya wasafiri wa kawaida.