Mkono gani kwa Garrard 301?

Leo tuache siasa za kampasi, tuongee historia ya santuri.

Garrard 301 ilitoka Uingereza mwaka 1954, tena bila mkono wa sindano. Mkono ulikuwa juu yako mnunuzi. Mwaka 1959 kampuni ya SME, ya huko huko, ikatoa miwili: 3009 wa inchi 9 na 3012 wa inchi 12. Kwa nini urefu tofauti? Mashine inayochonga santuri husogea kwa mstari ulionyooka, lakini mkono huu huzunguka kama mlango kwenye bawaba. Mkono mrefu hupunguza kosa hilo la pembe, ila huwa mzito zaidi.

Mwaka huohuo Ortofon wa Denmark walitoa SPU, kichwa kizito chenye sindano ngumu. Hapo uzito wa mkono ulisaidia. Halafu mwaka 1964 Shure wa Marekani wakaleta V15, ambayo sindano yake inanesa kirahisi na hutaka mgandamizo wa gramu 1 hivi. Ukiifunga kwenye mkono mzito, santuri iliyopinda kidogo tu inairusharusha.

Sasa kuna jamaa hapa hosteli karithi 301 ya babu yake na santuri kibao. Anautaka wa inchi 12, kisa unapendeza! Nikamwambia: anza na kichwa cha sindano ulichonacho, ndipo utafute mkono wa kukifaa. Mifereji ya santuri ikishalika, hairudi.

Wewe je, ungemshauri nini?