Probox: Gari la Kazi, Kitale hadi Bungoma

Toyota ilizindua Probox mwaka 2002 ili ichukue nafasi ya Corolla ya mizigo. Huko Japani ni gari la kampuni, la afisa mauzo na boksi zake za sampuli. Dashibodi ina hata kijimeza cha kuvuta, cha kuandikia risiti au kuwekea chakula cha mchana.

Probox zilizotumika huko ndizo hushushwa bandari ya Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Kwenye njia ya Kitale hadi Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Kimilili, kazi hubadilika. Fundi wa jua kali huliinua kwa spesa na kuongeza nguvu springi za nyuma. Siti hulazwa, yakapakiwa magunia ya mahindi ya Trans Nzoia. Siku ya soko Chwele, ni ndizi na kuku. Gari ni la watu 5, lakini jioni mvua ikinyesha abiria wanne hubanana nyuma, wawili mbele, na mwingine hugawana kiti na dereva. Huyo huitwa sambaza. Dereva hukata kona akiwa amegandamizwa mlangoni, na polisi wanalijua hilo vizuri.

Wenye Probox huisifu injini ya 1NZ, ya cc 1500, kwa kubana mafuta, na vipuri havisumbui kupatikana. Kelele za ndani hakuna anayezitetea. Mnunuzi mzoefu huinama kwanza kutazama springi, ndipo aombe boneti ifunguliwe.